Mafundo Matatu ya Bibi Kwandu

Karatasi ya kitabu ikiungua juu ya mafuta ya sangara inatoa harufu ambayo sijaikuta mahali pengine. Inaanza tamu kama mkate uliosahauliwa motoni, halafu inageuka chungu na kukaa kooni, na hata ukinywa maji haiondoki. Niliinusa asubuhi moja mwaloni Igogo, ufukweni kwa wavuvi, nikiwa mtoto wa darasa la tano. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Kwandu, alikuwa amekalishwa chini kwenye magamba ya samaki kando ya tanuri lake mwenyewe la kubanikia, kichwa wazi, kanga yake imevutwa na kutupwa huko. Mbele yake alisimama baba mdogo Masanja, mdogo wa marehemu baba yangu, akitoa vitabu vya katuni kwenye gunia la bibi kimoja kimoja. Kila kimoja alikiinua juu watu waone uzi uliofungwa juu yake, halafu akakitumbukiza motoni. Watu walikuwa wamejaa, na wengi wao walikuwa wamekula samaki wa bibi wiki hiyo hiyo. Masanja akamgeukia mwalimu wangu wa shule, Alfonsi Lubango, aliyekuwa amesimama na baiskeli yake, akamwuliza kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu, "Mwalimu, wewe ndiye msomi wetu hapa. Hii ni nini?" Akamwonyesha uzi wenye mafundo matatu. Mwalimu aliutazama uzi. Alinitazama mimi. Kisha akasema, "Mimi vitu vya mafundo sivijui. Shuleni hatufundishi hivyo." Hapo ndipo ukuni wa kwanza ulipomshukia bibi begani, na hapo ndipo nilipoingiza mkono motoni kuokoa kitabu ambacho moto ulikuwa bado haujakishika vizuri. Kitabu sikukipata. Kovu ninalo, linaanzia kiganjani mpaka karibu na kiwiko, na siku za baridi ngozi yake inavuta.

Sasa nirudi nyuma, maana wanaosoma hapa hawajui vile vitabu vilitoka wapi, na bila kujua hilo mtu anaweza kudhani Masanja alikuwa na sababu. Wazazi wangu walikufa nikiwa mdogo, nikalelewa na bibi. Kazi yake ilikuwa kubanika samaki. Mwaloni kulikuwa na mstari wa matanuri ya udongo, kila mama na lake, moshi wa kuni unatambaa chini chini kwenye mawe makubwa mpaka majini, ndege korongo wamesimama pembeni kama watu wanaosubiri kuitwa. Moshi ule uliwafanya akina mama wote wawe na macho mekundu. Nasema wote, kwa sababu baadaye macho ya bibi peke yake ndiyo yaliyotajwa. Samaki walifungiwa kwenye magazeti ya zamani, na magazeti yalikuja kwa mafurushi kutoka mjini, kwenye ofisi na nyumba za watu walioishi vizuri. Ndani ya furushi ungekuta kila kitu: magazeti, karatasi za mitihani, kalenda, na katikati yake vitabu vya katuni na vijitabu vya hadithi ambavyo wenyewe walikuwa wamevichoka. Mimi nilikuwa nimeanza kujua kusoma. Siku moja bibi alikuwa anachana kurasa afungie sato, akaona picha ya mwanamke amebeba bunduki na mtoto mgongoni. Akasimamisha mkono. "Minza, huyu anakwenda wapi?" Nikamsomea. Yule sato alifungiwa karatasi nyingine.

Tangu siku hiyo nikitoka shule nilikaa kwenye jiwe katikati ya matanuri, nikasoma. Sikuwa msomaji mzuri. Herufi za r na l zilinichanganya kama zilivyomchanganya kila mtu kwetu, na maneno marefu niliyaruka. Lakini nilikuwa na sauti, na akina mama walikuwa na masikio. Walisikiliza huku wakigeuza samaki kwa mikono mitupu, na hadithi waliiingilia kama inatokea nyumba ya pili. Kulikuwa na Mama Josina, mnene, mwenye tanuri la jirani, ambaye hakuweza kumwacha mtu wa kwenye kitabu afanye upumbavu akanyamaza. "Huyu mwanaume hafai, mwambieni." Mwingine akamjibu, "Utamwambiaje, yuko kwenye karatasi?" Naye Mama Josina akasema, "Hata wa kwangu nyumbani simwambii akasikia, bora huyu wa karatasi hanipigi." Tulicheka mpaka wavuvi wakageuka kutazama. Mara nyingi kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa, maana furushi halina huruma, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kila mama alikuwa na mwisho wake. Bibi alisikiliza wote, kisha akatoa wa kwake, na wa kwake ndio uliobaki. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, vyenye kurasa zote, na miisho yake mingi haifikii ile ya bibi.

Vitabu vilianza kutembea. Mama wa tanuri la mbali hakuwepo siku tuliposoma, akataka naye apelekewe, mtoto wake amsomee. Akawa anauliza: nichukue kipi? Bibi hakujua kuandika hata jina lake, lakini alijua kusuka nyavu. Akachukua uzi wa nyavu uliokatika, akaanza kuufunga kwenye kila kitabu kilichokwisha kusomwa. Fundo moja, kitabu cha kucheka. Mawili, cha kulia, usikisome kama umetoka msibani. Matatu, punguza moto kwanza, maana kitabu hiki kitakufanya uunguze samaki. Na kitabu kibaya hakikupata uzi kabisa, kilirudi kwenye furushi la kufungia. Bibi alikuwa mkali kwenye hilo. Nikimsomea hadithi inayozungukazunguka, mtu anaongea ukurasa mzima hajafanya lolote, alinyoosha mkono na kusema, "Lete hapa, nina kambale wawili wanangoja." Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Mstari mzima wa matanuri ulijua mafundo ya Bibi Kwandu, na waliyaamini kuliko matangazo ya redio. Mtoto alitumwa akimbie na maneno haya tu: "Mama anasema kama kuna cha matatu mpeni." Samaki walioungua msimu ule walikuwa wengi, na waliowaunguza walijitetea kwa kutaja kitabu.

Mwalimu Alfonsi aliyajua mafundo. Narudia, aliyajua. Shuleni alikuwa anachapa watoto wanaokutwa na katuni. Aliwanyang'anya akasema ni uhuni unaoharibu akili. Lakini jioni alipita na baiskeli mwaloni kwa kisingizio cha kununua samaki, akaja mpaka jiwe langu, akainama kana kwamba anakagua daftari. "Minza, bibi ana cha mafundo matatu?" Nilimpa. Alikitia kwenye mfuko wa ngozi alimoweka maandalio ya somo, akaondoka akipiga kengele. Akikirudisha alikuwa na maoni, tena mengi. Huyu mpelelezi angemkamata mwizi mapema, huyu msichana asingeolewa na dereva. Bibi alifurahi. Alimwambia, "Mwalimu, shikamoo zangu zote nakupa, wewe tu ndiye mwanaume anayesikiliza hadithi mpaka mwisho." Safari moja alileta kitabu chake mwenyewe, kizuri, cha mwindaji aliyepotelewa na ndugu yake porini. Uzi alikuwa amekwisha kuufunga mwenyewe. Mafundo mawili. Yalikuwa yamelegea, mafundo ya mtu asiyejua nyavu, na bibi akacheka akayakaza upya mbele yake, akamwonyesha: unapitisha hivi, unavuta hivi. Alijifunza. Mikono yake ile ilifunga uzi ule. Ninaandika hili polepole ili lisije likasemwa kuwa nilikuwa mtoto, sikuelewa.

Masanja naye alikuwa na tanuri, mwisho kabisa wa mstari, mahali ambapo upepo wa ziwa ulimrudishia moshi usoni na wateja hawakufika. Tanuri la bibi lilikuwa mwanzoni, pale mitumbwi inapotia nanga. Alikuwa amemwomba wabadilishane, bibi akakataa, na kila mtu alijua. Halafu mtoto wake wa kwanza akashikwa na degedege. Kwa siku chache nyumba ile haikulala, mganga akaitwa, hospitali ikachelewa kufikiriwa, na mtoto akafa. Sitanii na kifo kile, nilimbeba mtoto yule mgongoni na nilimpenda. Lakini walipokuwa wanatoa nje kitanda alicholala mtoto na mama yake, baada ya mazishi, chini ya godoro wakakuta kitabu cha katuni, kimefungwa uzi wa nyavu, mafundo matatu. Mke wa Masanja, mama mdogo Sabina, ndiye aliyekuwa amekiazima kwa bibi. Masanja alikuwa amemkataza mkewe asikae na wanawake wa matanuri na asishike vitabu, kwa hiyo alikificha pale anapolala. Kilikuwa kitabu cha muuguzi anayetaka kuvuka mto wakati wa mafuriko, tulikuwa bado hatujakimaliza lakini bibi alikwisha kukifunga mafundo yake. Sabina angesema neno moja tu, yangekwisha. Akamwogopa mumewe, akakaa kimya na kulia, na watu wakadhani analia kwa sababu ya uzi.

Kwetu kila mtu anajua uzi wenye mafundo ni kitu gani ukiukuta chini ya godoro la mtoto aliyekufa. Hakuna anayekaa akauliza. Masanja hakuuliza. Alikuja mwaloni na vijana, kitabu kile mkononi, akalikuta gunia la bibi, na ndani yake vitabu vyenye nyuzi, fundo moja, mawili, matatu, vimejaa. Fikiria jinsi gunia lile lilivyoonekana kwa mtu aliyekwisha kuamua. Watu wakasema: mchawi huyu, hesabu ya watoto wetu hii. Mama mmoja akasema macho ya yule bibi sikuzote yalimtia shaka, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama pale na macho mekundu kama pilipili. Mama Josina alijaribu. Alisema, "Jamani, ni alama za hadithi, hata mimi nasomewa." Kijana mmoja akamjibu, "Basi na wewe umo." Akarudi nyuma. Simlaumu, alikuwa na watoto. Bibi alisema kwa utulivu kabisa, "Mwulizeni mwalimu. Mwalimu anajua." Alikuwa na uhakika. Mpaka leo naona jinsi uso wake ulivyotulia alipoona baiskeli inakuja, kama mtu aliyeona daktari. Na Masanja, kwa kiburi chake, akakubali, akamwuliza mwalimu. Kilichojibiwa nimekwisha kukisema.

Hawakumwua, na watu wengine wa mtaa ule wanataka nishukuru kwa hilo. Walimvunja mkono wa kulia, ule wa kusukia nyavu. Wakang'oa bati za nyumba. Mchana ule ule alipakiwa kwenye lori la magunia ya pamba mpaka Kigongo, akavushwa kwa kivuko kwenda Busisi, ambako alikuwa na binamu ambaye hakumtaka sana. Mimi nilizuiwa kwenda naye, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba. Nikakaa kwa Masanja. Sikurudi shule. Nilifagia, nilichota maji, na nilibanika samaki kwenye tanuri la bibi yangu, ambalo siku chache baadaye lilikuwa limekwisha kuwa la Masanja. Mwalimu Alfonsi hakuja hata siku moja kuuliza kwa nini Minza haonekani darasani, ingawa alipita hapo kila jioni kununua samaki. Alikuwa ameacha kuinama. Bibi aliishi Busisi miaka kadhaa, mkono umepinda, bila mtu wa kumsomea chochote. Nilipopata nafasi ya kuvuka kwenda kumwona nilimkuta amekaa mlangoni na kipande cha gazeti, anatazama picha. Aliniuliza, "Ulimaliza kile cha muuguzi? Alivuka?" Nikamwambia kiliungua, bibi. Akafikiri. "Alivuka," akasema. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona.

Masanja amekufa, na sitamfuata huko aliko. Sabina alikuja kwangu baada ya mazishi ya mumewe, amezeeka, akakaa kwenye kigoda changu cha kukaangia, akasema, "Mwanangu, kile kitabu nilikiazima mimi." Nikamwambia, "Najua, mama mdogo." Akasema, "Kilikuwa kizuri." Sikumsamehe, lakini alikuja, alitembea kwa miguu yake akasema, na hilo ninampa. Kwa hiyo aliyebaki ni mmoja, na yuko hai, ana afya, anakaa nyumba nzuri yenye uzio wa maua.

Mimi siku hizi naishi Kiseke, nakaanga samaki karibu na kituo cha magari. Nasoma. Nilijifunza kumaliza maneno marefu peke yangu, ukubwani, na wateja wananijua kwa kuwauliza wanasoma nini. Binti yangu, niliyempa jina la bibi, alikuwa ananiambia mara kwa mara kuhusu kundi la wasomaji linalokutana Jumamosi kwenye ukumbi hapo jirani. Kila mtu anasimama, anasema amesoma nini karibuni, na kama kinafaa anawapendekezea wenzake. Vitabu, katuni, chochote. Nilikwenda. Vijana wazuri, wana simu zenye vitabu ndani, wanabishana kama akina mama wa matanuri, na kwa dakika chache nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu utoto. Halafu wakamkaribisha mlezi wa kundi aseme neno. Akasimama Mwalimu Alfonsi Lubango, mvi, koti, miwani. Alipendekeza kitabu kimoja kinene cha maadili, alikisifu mpaka watu wakapiga miayo. Nilimsikia bibi kabisa akiomba apewe kwa ajili ya kambale. Kisha akasema maneno haya, na ukumbi mzima ni shahidi: "Mimi kazi hii sikuianza leo. Zamani pale Igogo niliwafundisha akina mama wa mwaloni kupenda vitabu, hata wasiojua kusoma. Tulikuwa na utaratibu wetu mzuri wa kupendekezeana." Wakapiga makofi. Binti yangu naye alipiga, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kumwambia.

Nikasimama. "Shikamoo, mwalimu." Akasema, "Marahaba, mama. Na wewe unatupendekezea kitabu gani?" Nikamwambia, "Nina kimoja cha mafundo matatu." Mkono wake ulikwenda kwenye miwani. Nilikunja mkono wa gauni akaona kovu. Alinitambua, nimeuza samaki miaka mingi na najua uso wa mtu anayefahamu alichokiona. Akawageukia vijana, akasema, "Muda umetubana, mama yetu tutamsikia siku nyingine." Wakaanza kukunja viti.

Zamani kitabu kilipata hukumu yake pale pale, mbele ya waliokisikia, na aliyekisifu alijibu kwa sifa zake. Samaki wakiungua alilaumiwa. Leo mtu anaweza kusimama kwenye ukumbi wenye feni, akachukua kazi ya mwanamke aliyemwacha avunjwe mkono, akaipendekeza kama yake, na watu wakapiga makofi. Kuna daraja sasa pale Busisi, nilivuka wiki iliyopita kwenda kupalilia kaburi la bibi, na kabla sijamaliza kufikiri nilikuwa ng'ambo. Kwa hiyo asiniambie ni mbali. Asiniambie amesahau, amekwisha kututhibitishia mwenyewe, kwa kinywa chake, kuwa anaukumbuka utaratibu wote. Nataka asimame kwenye ukumbi ule ule, mbele ya vijana wale wale, aseme nani alibuni mafundo na yeye alifundishwa na nani kuyafunga. Halafu avuke aende Busisi akaseme tena pale kaburini, kwa sauti ile ile aliyotumia mwaloni.

Jumamosi nitakuwa nimekaa mstari wa mbele. Nitakuja na uzi wa nyavu, nimeufunga mwenyewe, mafundo matatu, nitauinua juu kila mtu auone. Na swali ni lile lile uliloulizwa kando ya tanuri, halijabadilika hata neno moja. Mwalimu, wewe ndiye msomi wetu hapa. Hii ni nini?